Nitarudi, Asema Mnunuzi



Juma lililopita, mimi ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikijidai kwamba sina taraddudi katika mambo ya fedha, niliaibika dukani mbele ya mzee mmoja muuza kanga. Mpwa wangu ataolewa mwezi ujao, na kwa kuwa mjomba haendi harusini mikono mitupu, nilikusudia kumnunulia doti moja ya kanga, shughuli ambayo niliona haiwezi kunichukua zaidi ya dakika kumi. Mzee aliniuliza kwa adabu ni doti ya namna gani niitakayo. Nikajibu, "Nzuri." Akasema zote ni nzuri, akaanza kunikunjulia: kwanza kisutu, ambacho nilikikataa kwa sababu shangazi zake bibi arusi wamekwisha kukinunua, halafu moja yenye mji mweupe na pindo la samawati, halafu yenye korosho nyekundu, halafu moja ambayo rangi zake zilinipendeza mno mpaka niliposoma jina lake, nikaona kwamba ni masuto ya mke mwenza, na kwamba nikimpelekea mwari siku ya harusi yake nitakuwa nimewasha moto katika nyumba isiyokwisha kuezekwa. Kwa kadiri meza ilivyozidi kujaa ndivyo nilivyozidi kupotewa na kile nilichokuja kukitafuta, na ile doti ya samawati, ambayo labda ningeichukua lau ingekuwa peke yake, ilikwisha kufunikwa na nyingine zaidi ya ishirini. Mwisho nikasema neno ambalo kila mwenye duka wa pwani analijua tangu utotoni mwake: "Nitarudi." Mzee akatabasamu, akaanza kukunja.

Njiani nilijiuliza swali ambalo ndilo nililowaletea jioni hii. Fedha nilikuwa nazo mfukoni, bei haikupita uwezo wangu, bidhaa ilikuwa mbele ya macho yangu, na muuzaji hakunificha kitu. Basi kilichopungua ni nini? Kilichopungua ni kwamba mimi mwenyewe sikujua nilitakalo. Na hali hiyo, ambayo twaidhania kuwa ni udhaifu wa watu wachache wenye moyo mzito, naona ndiyo hali ya wengi wetu katika sehemu kubwa ya manunuzi yetu, ukiacha yale ya unga, chumvi na mkaa ambayo mikono yetu imekwisha kuyazoea.

Elimu ya iktisadi, au uchumi kama wasemavyo wengi siku hizi, kwa muda mrefu haikuwa na kiti cha kumkalisha mtu wa namna yangu. Mnunuzi wa vitabuni huingia sokoni akiwa na orodha iliyotimia moyoni mwake: ajua kwamba embe ni bora kwake kuliko chungwa, na chungwa bora kuliko ndizi, na ajua pia ni ndizi ngapi zitakazomfanya aliachilie embe bila ya kujuta. Mwaka 1938 Paul Samuelson, Mmarekani kijana ambaye baadaye, mwaka 1970, alitunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi, alitoa rai kwamba hapana haja hata ya kuchungulia ndani ya moyo wa mtu. Mtazame tu alichokinunua ilhali kingine kilikuwa ndani ya uwezo wake, nawe umekwisha kujua apendalo. Rai hiyo ina uzuri wake, kwa maana yatuepusha na kuwapigia watu ramli. Lakini imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mapenzi yalitangulia na ununuzi ukafuata. Je, ikiwa ununuzi ndio uliotangulia, na mapenzi yakazaliwa hapo hapo mezani, kutokana na jinsi vitu vilivyopangwa na jinsi swali lilivyoulizwa?

Wanazuoni wa kale waliukaribia mjadala huu kwa mlango mwingine. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa kiitwacho Tahafut al-Falasifa, amemtaja mtu mwenye hamu aliyewekewa tende mbili zilizo sawa kwa kila hali, naye hawezi kuzichukua zote mbili. Wapinzani wake walishikilia kwamba hapana kitu kiwezacho kuchaguliwa juu ya kilicho sawa nacho pasipo sababu ya kukipambanua. Ghazali akajibu kwamba mtu huyo ataichukua moja bila ya shaka, kwani kazi ya irada ni hiyo hasa, kupambanua kilicho sawa na chenzake. Ulaya baadaye walihadithia punda aliyekufa njaa kati ya marobota mawili ya majani, nasi huku tuna fisi wetu aliyeshindwa na njia mbili. Watatu hao watu huwafunga fungu moja, na mimi naona si sawa kuwafunga hivyo. Mtu wa tende hana shaka juu ya tende. Azipenda zote mbili kwa kipimo kimoja. Fisi naye hana shaka. Atamani nyama ya huku na nyama ya huko, na kosa lake ni uroho. Mimi pale dukani sikufikia hata daraja ya fisi, kwa kuwa pua yangu haikuniambia harufu ipi ndiyo yangu.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulipima jambo hili kwa mizani ya kitaalamu walikuwa Sarah Lichtenstein na Paul Slovic, wanasaikolojia wa Marekani, katika makala waliyoitoa mwaka 1971. Niwieni radhi kwa kutaja kamari, kwani ndicho chombo walichokitumia. Waliwawekea watu michezo miwili: mmoja wenye fedha kidogo ambazo karibu ni lazima mtu azipate, na wa pili wenye fedha nyingi ambazo kuzipata ni kwa nadra. Walipoulizwa ni upi wangependa kuucheza, wengi waliuchukua ule wa kwanza. Walipoulizwa, lau michezo hii ingekuwa mali yao, wangeuuza kila mmoja kwa bei gani, wengi wa hao hao waliutia ule wa pili thamani kubwa zaidi. Mwaka 1973 wakatoa habari za kulirudia jaribio hilo, safari hii kwa wacheza kamari halisi wa Las Vegas waliocheza kwa fedha zao wenyewe, na mambo yakawa yale yale. Wachumi hawakufurahi. Wawili kati yao, David Grether na Charles Plott, walifanya majaribio yao wenyewe kwa nia ya kuonyesha kwamba wanasaikolojia wamekosea, wakaziba kila tundu walilodhani kwamba kosa laweza kupenyea, na mwaka 1979 wakachapisha matokeo yao: kosa halikuonekana, na ule mgeuko wa hukumu ulikuwa pale pale. Napenda sana habari hii, kwa sababu si kila siku mtu hutoka kwenda kuivunja nyumba akarudi na kuwaambia majirani kwamba ukuta ni mgumu.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu mmoja, katika siku moja, juu ya vitu viwili vile vile, aweza kutoa hukumu mbili zinazopingana, na zote mbili akazitoa kwa ikhlasi. Ukimwuliza "Ipi?" hutazama jambo moja, ukimwuliza "Bei gani?" jicho lake huruka likatua penye fedha.

Liko jaribio jingine, dogo na la kupendeza, la Jack Knetsch wa Kanada, lililochapishwa mwaka 1989. Wanafunzi wa fungu moja walipewa vikombe, kisha wakaambiwa kwamba atakaye kubadilisha kikombe chake kwa chokoleti ruhusa anayo. Asilimia 89 walibaki na vikombe. Fungu la pili walipewa chokoleti, wakaruhusiwa kuchukua kikombe badala yake. Asilimia 90 walibaki na chokoleti. Fungu la tatu hawakupewa kitu bali waliachiwa wachague wenyewe, nao wakagawanyika karibu nusu kwa nusu, asilimia 56 wakachukua kikombe. Basi ukiuliza wanafunzi wale walipenda nini, jibu la haki ni kwamba walipenda kile kilichotangulia kuingia mikononi mwao.

Hapa nitasimama kidogo, kwa maana hapa ndipo biashara ya kwetu inapoingia. Sisi tunaopatana bei tangu asubuhi hata jioni twadhani kwamba mapatano ni vita baina ya matakwa mawili yaliyokwisha kuthibiti, la muuzaji na la mnunuzi. Lakini mtajie mama wa nyumbani bei ya uongo ya kilo moja ya sukari, naye atakucheka, kwani bei ya sukari anayo kichwani na neno lako halimtikisi. Mpeleke mama huyo huyo kwenye kasha la kizamani lililopigwa njumu za shaba, ambalo hajapata kulinunua wala hatalinunua tena katika umri wake, umwambie kwamba ni laki tisa. Atashtuka, atapigania, atataja laki tatu, mtavutana, na mwishowe atalichukua kwa laki tano na kutoka kifua mbele kwa kuwa ameokoa laki nne. Hizo laki nne hazikuwa zake hata dakika moja, bali zilizaliwa kinywani mwa muuzaji. Anayejua atakalo na thamani yake husikia bei ya kwanza kama kelele za mtaani. Asiyejua huishika kama kamba kisimani.

Jambo hilo Dan Ariely, George Loewenstein na Drazen Prelec walilijaribu kwa wanafunzi wa biashara huko Marekani, wakatoa habari zake mwaka 2003. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika tarakimu mbili za mwisho za nambari yake ya hifadhi ya jamii, nambari isiyohusiana na kitu chochote, kisha aulizwe kama angenunua kitu fulani kwa dola za kadiri hiyo, kisha ataje bei ya juu kabisa ambayo yuko radhi kuitoa. Wenye tarakimu kubwa walitaja bei kubwa: kwa kibodi ya kompyuta, fungu la tarakimu za chini kabisa lilitaja wastani wa dola 16 hivi, na fungu la juu kabisa dola 56 hivi. Insafu yanilazimisha kuongeza kwamba baadhi ya wataalamu waliorudia majaribio ya aina hii baadaye walikuta mvuto mdogo kuliko huo. Nami sishangai. Kamba ya kisimani huvuta sana pale tu ambapo kisima ni kirefu.

Tahadhari kama hiyo yahitajika katika jaribio lenye umaarufu kuliko yote, lile la jamu. Sheena Iyengar na Mark Lepper waliweka meza katika duka moja la vyakula huko California. Mara nyingine meza ilikuwa na aina 24 za jamu, mara nyingine aina 6 tu. Kama walivyoeleza mwaka 2000, meza kubwa iliwasimamisha watu wengi zaidi, lakini katika kila 100 waliosimama hapo, 3 tu ndio walionunua, ilhali kwenye meza ndogo walionunua ni 30. Neno likaenea duniani kwamba wingi wa vitu humnyima mtu uwezo wa kuchagua. Miaka kumi baadaye, wataalamu waliokusanya majaribio mengi ya namna hiyo na kuyachanganya walipata kwamba kwa wastani athari hiyo ni karibu na sifuri. Na mwaka 2015 wengine, wakiongozwa na Alexander Chernev, wakaonyesha kwamba athari haikupotea bali ina masharti yake, na mojawapo ya masharti hayo ni kwamba mchaguzi asiwe na hakika ya apendalo. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka dada yangu. Yeye angeingia katika duka lile lile, akakunjuliwa doti zile zile, na angekuwa ametoka kabla chai haijapoa, kwa sababu yeye husoma jina kwanza, na jina lisipomfaa anayelengwa, rangi hata zing'are vipi hazitazami. Wingi ulikuwa mmoja, mzigo ukawa wangu peke yangu.

Ya kati na kati pia ni kimbilio la asiyejua. Itamar Simonson na Amos Tversky walionyesha mwaka 1992 kwamba watu waliowekewa kamera mbili za Minolta, ya dola 170 na ya dola 240, waligawanyika sawasawa; ilipoongezwa ya tatu ya dola 470, ile ya 240 iliyokuwa na nusu ikawa na asilimia 57. Wenye kupanga mabati, sufuria na simu madukani hawakuhitaji kusoma makala hiyo.

Sasa narudi kwenye neno langu la aibu, "nitarudi". Mwaka 1992 huo huo, Tversky akiwa na Eldar Shafir waliwauliza wanafunzi swali la kubuni. Fikiri, waliambiwa, kwamba umetoka katika mtihani mgumu, na umeletewa safari ya mapumziko ya Hawaii kwa bei nafuu sana, ambayo fursa yake yakwisha kesho. Utainunua, utaiacha, au utatoa dola 5 zisizorudishwa ili bei hiyo uwekewe hadi keshokutwa? Walioambiwa kwamba wamefaulu, asilimia 54 walinunua. Walioambiwa kwamba wamefeli, asilimia 57 walinunua. Lakini walioambiwa kwamba majibu yatatoka keshokutwa, walionunua ni asilimia 32 tu, na asilimia 61 walikuwa radhi kutoa dola 5 ili wangoje. Tazameni ajabu hiyo: mtu ambaye aghalabu angenunua akifaulu, na angenunua akifeli, atoa fedha ili apate kujua kama amefaulu au amefeli. Hakununua habari, kwa maana habari haimbadilishii kitu. Amenunua sababu ya kujiambia, pumziko kwa aliyefaulu na liwazo kwa aliyefeli. Na sisi pwani, neno "nitarudi" hatulilipii hata senti tano. Ni mojawapo ya mali chache ambazo soko letu hugawa bure.

Nasema bure, lakini lina adui, naye ni yule muuzaji asemaye, "Kesho hutaikuta." Huenda asema kweli. Lakini mara nyingi anajua kwamba matakwa yako bado ni uji, na kwamba yakiachwa yalale usiku mmoja yataganda katika umbo lisilomfaa yeye.

Wenye sheria zetu za kale walilijua jambo hili kuliko wachumi. Neno hiari, tulitumialo kila siku, ni ndugu wa khiyari ya wanasheria wa Kiislamu, yaani haki ya kuutimiza mkataba au kuuvunja. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, na ambayo Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni katika vitabu vyake vikubwa, muuzaji na mnunuzi waliokwisha kukubaliana wote wawili wana khiyari ya majlisi: maadamu hawajaachana pale walipofanyia biashara, kila mmoja aweza kurudi nyuma. Imepokewa juu ya Ibn Umar, sahaba wa Mtume, kwamba aliponunua kitu kilichompendeza, aliinuka akaondoka, ili mkataba ujifunge. Huyo ndiye mtu aliyejua alitakalo. Miguu yake ilitoa ushahidi. Kisha iko khiyari ya sharti, ambayo kwayo wawili hao huafikiana kwamba mmoja wao atapewa muda wa kufikiri, na kwa Mashafii muda huo haupiti siku tatu. Na ile biashara ya arbuni, ambamo muuzaji huila fedha ya utangulizi mnunuzi akighairi, Mashafii hawakuikubali, ingawa Mahanbali waliiruhusu. Wale wanafunzi wa dola 5 wangekuwa na swali kwa kadhi.

Marekani kwenyewe, tangu miaka ya 1970, kanuni ya serikali humpa mtu siku tatu za kazi kuvunja ununuzi wa vitu vingi alivyouziwa na mchuuzi aliyemjia mlangoni; na katika nchi za Umoja wa Ulaya, aliyenunua kwa intaneti ana siku 14. Mimi sisemi kwamba wamechukua kwetu. Nasema kwamba watu waliokaa mbali mbali, wakatazama kiumbe yule yule mwenye fedha mkononi na shaka moyoni, wameona anahitaji kitu kile kile, nacho ni mlango wa kurudia.

Kwa hiyo naliona bango lile lililobandikwa katika maduka yetu mengi, lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kuwa ni dhuluma ndogo, na mwenye kuionja ni yule mnunuzi asiye na hakika. Anayejua atakalo halimdhuru, hatarudisha. Najua udhuru wa wenye maduka: wako watu watakaovaa nguo harusini na kuirudisha siku ya pili ikinuka udi. Basi wawekeni masharti, enyi wenye maduka, siku tatu na bidhaa isiwe imeguswa, lakini bango lile literemsheni.

Siku ya tatu nilirudi. Mzee alinikumbuka, akataka kuanza tena kukunjua, nikamzuia, nikamwomba ile yenye mji mweupe na pindo la samawati, kwa sababu kati ya zote alizonionyesha ndiyo pekee niliyoweza kuiona nikifumba macho. Hata kuomba apunguze bei nilisahau. Ukutani nyuma yake bango lilikuwapo, kwa herufi nyekundu, kama kwa wengine wote. Lakini alipokuwa akiifunga doti gazetini aliniambia kwamba bibi arusi asipoipenda niirejeshe, naye atanibadilishia, mradi tu isiwe imekatwa wala kupindwa.